Upanga wa Lusiola Uliolia Kama Chuma

Shwaa, shwaa, halafu kikohozi. Sauti hiyo ndiyo iliyonipokea asubuhi ya kwanza kazini, karakana ya serikali: randa ya Fundi Mkuu ikilamba ubao wa mvule, na mwenyewe akikohoa vumbi lake. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, na Kakamega nzima ilitaka madawati. Nilikuwa nimetoka Shinyalu, masomo kidogo, ndoto nyingi. Fundi Mkuu, Mzee Makokha, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu pekupeku.

"Rasoa, msichana anafanyanga nini karakana?"

"Anapiga msasa, Mzee. Akishajua, anachonga."

Alicheka. "Haya, kamata. Ukililia vidole, mlango ndio huo."

Sikulia. Nilijifunza kuufuata uelekeo wa nyuzi za mti, kupangusa ubao kwa kitambaa chenye maji ili vinyweleo visimame, kisha kupiga msasa tena kwa karatasi laini.

Siku moja alikuja Afisa wa Utamaduni. Vijana wa mjini walikuwa na mchezo wa mfalme na mpwa wake. Mavazi ya ngozi yalikuwa tayari, panga mbili ndizo zilizokosekana. Mafundi walikataa. "Sisi ni watu wa madawati, si wa vitu vya kuchezea!" Kazi ikaniangukia mimi, nami nikaipokea kama zawadi.

Nilichagua lusiola, mti unaoota kwenye mipaka ya mashamba yetu, kwa sababu ni mwepesi kuliko mvule na haukatiki ovyo. Nilichora umbo kwa mkaa, nikachonga kwa patasi, nikaacha makali yakiwa manene kama kidole. Nikapaka rangi ya fedha, ile ya matangi ya maji.

"Huo ni upanga au bati la nyumba?" Fundi Mkuu aliuliza. "Upanga wa mfalme umeshaona vita."

Basi nikachukua masizi ya sufuria, nikayasugua karibu na mpini na katikati ya bapa, nikafuta kwa kitambaa. Ukazeeka hapo hapo.

Siku ya mazoezi, mfalme na mpwa wake walipopigana, ukumbi ulisikia: ko! ko! ko!

"Jamani, wanasonga obusuma!" mtu alipiga kelele, akiutaja ugali kwa lugha ya kwetu, watu wakashika mbavu.

Afisa alikasirika. "Jumamosi wakubwa wa mkoa wanakuja. Leteni mapanga ya kweli, yale ya kukatia miwa huko Kabras. Kijana atajifunza kukwepa."

Kijana mwenyewe, karani aliyeitwa Wafula na aliyeigiza yule mpwa, alirudi nyuma hatua mbili. Mdomo wangu ukanitoroka: "Bwana Afisa, huyo ana mama."

Fundi Mkuu akasogea mbele. "Tupe mpaka Jumamosi, bwana."

Tuliporudi karakana akanigeukia. "Umeshanitia kitanzini, binti. Mti utaliaje kama chuma?"

Nilimwonyesha msumeno mmoja uliochoka. Tulikata utepe mwembamba kutoka humo, tukaupiga tupa mpaka meno yakaisha na kona zikawa butu. Nikachimba mtaro kwenye ukingo wa upanga, nikaulaza utepe humo kwa gundi. Tulipougonga ulikohoa kama ng'ombe mwenye homa.

"Gundi imeukaba," Fundi Mkuu alisema.

Niliubandua, nikaushika kwa misumari midogo miisho yote miwili tu, katikati ukabaki unaelea juu ya mtaro. Tukagonga. Ngwee! Mafundi wa madawati waliacha kazi wakaja kutazama. Upanga wa pili nao tukaufanya hivyo hivyo.

Jumamosi hakuna aliyetaja obusuma. Chuma kililia, mpwa akaanguka, na mwanamke mmoja wa viti vya nyuma akaruka juu: "Uwii! Mwanangu! Mshikeni huyo mfalme!"

Maiti ikainua kichwa. "Mama, kaa chini, ni mti!"

Watu walicheka hadi wakalia, hata wakubwa. Afisa alinijia akipangusa macho. "Rasoa, sasa tutataka na mikuki."

Ndivyo nilivyoacha kuwapigia wengine msasa. Baadaye nilipelekwa Mumias, chini ya Msimamizi wa Vyombo vya maigizo, mzee mpole aliyesalimia kwa "Salaam aleikum" na kukagua kila mpini kwa kuunusa. Mzee Makokha alipokwenda nyumbani kupumzika, nilirudi Kakamega nikiwa Fundi Mkuu mimi.

Vijana huniuliza kama sioni aibu kutumia maisha kwenye silaha za uongo. Sioni hata kidogo. Wafalme wengi wamechinjana kwa kazi ya mikono yangu, na wote walikwenda nyumbani kula.

Jioni ya mwisho kabla ya kustaafu, wenzangu wakiwa nje wakipanga viti vya kuniaga, nilibaki na upanga ambao rangi yake ilikuwa imekauka mchana huo. Nilifunga mlango. Nikafungua kitambaa changu cha kichwa, shingo ikabaki wazi, nikajipiga nao shingoni, kwa nguvu, kama nilivyofanya kwa kila upanga kabla haujatoka. Nikapapasa kwa kidole. Hakukuwa na damu. Nikauzungushia gazeti, nikauweka mezani.