Mume wa Mwenzangu Alitoka Kwanza

Mume wangu alikuwa fundi pikipiki Tengeru. Walimkamata kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika duka moja ambalo hakuwahi hata kulikanyaga, wakampeleka mahabusu. Siku za kupeleka chakula nilizoeana pale getini na mwanamke wa Moshono, ambaye mumewe alishikwa kwa wizi wa ng'ombe. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta, tukinywa loshoro yangu, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, kwa kikombe kimoja. Tukaitana shoga.

Kesi ilipoanza kusikilizwa, shahidi aliyepanda kizimbani alikuwa mume wa shoga yangu. Akaapa kwamba mume wangu alimsimulia mwenyewe, selo, jinsi alivyolivamia lile duka.

"Alikuwa anacheka," alisema.

Hakimu akamwamini. Mume wangu akafungwa miaka thelathini. Haukupita muda, kesi ya ng'ombe ikafutwa, naye akaachiwa.

Watu walidhani nina hasira. Hasira ilikuwepo, lakini kilichonikosesha usingizi ni wivu. Nilimwona shoga sokoni na mumewe, akimgombeza: "Wewe nawe, utaziponda hizo nyanya!" Nikatamani na mimi niwe na mtu wa kugombeza. Akabeba mimba, akazaa binti. Nikasikia habari hiyo nikiwa nafunga sabuni na dawa ya meno za kupeleka gerezani, nikakaa chini nikalia kama nimefiwa.

Rufaa ilichukua miaka. Majaji waliuliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza mwanzo: hawa wawili walilala selo moja lini? Ikaonekana hawakuwahi kulala pamoja. Mume wangu akaachiwa. Alirudi na mvi, akanikuta nimeshakoma hedhi.

Mwaka huu tulikutana nao sokoni, shoga na binti yake. Shoga aliangalia chini.

"Pole, shoga," akasema.

Binti akamwamkia mume wangu, "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Unasoma darasa la ngapi?"

Akainama kumsikiliza, uso wake umelainika namna ambayo mimi sijawahi kuiona. Nikamvuta shati tuondoke.

Njiani akaniuliza, "Bado unamchukia yule mama?"

"Simchukii. Namwonea wivu."

Tukaendelea kupanda kuelekea nyumbani, na hakuniambia niache.