Paa la Bibi Kizee

Murchadh, binamu yangu, alikuwa mchunga ng'ombe, mbishi kupindukia. Kila Mei alipanda hadi bonde la juu milimani kuyatoa mawe matatu kijumbani mwao: Bibi Kizee, mumewe na binti yao. Siku ya kwanza ya Novemba aliyarudisha, akakandika mlango kwa matope na nyasi. Babu yake alifanya hivyohivyo. Bibi Kizee ndiye anayetawala baridi na malisho. Akitunzwa, ng'ombe hawafi. Nani angethubutu kumwacha nje?

Mwaka ule mwenye ardhi akataka kondoo, si watu. Vibarua wake walichoma mapaa yetu mchana kweupe, chungu changu kikiwa bado motoni. Mungu awalaani. Tukashuka pwani kungoja meli ya Kanada, ambayo ingeondoka tarehe ishirini na tisa Oktoba.

"Waingize mapema," Oighrig, mkewe Murchadh, akamwambia. "Ni siku tatu tu, mume wangu."

"Ukimfungia Bibi kabla ya siku yake, umemzika."

"Na mimi je?"

"Tangu lini meli ikaondoka siku iliyosemwa? Itangoja upepo."

"Haya, nenda kwa mkeo wa jiwe. Hapiki, lakini angalau hana mdomo."

Murchadh alicheka. Oighrig hakucheka.

Upepo ulikuja siku ileile iliyosemwa, Murchadh akiwa bondeni, na meli ikaondoka na Oighrig. Mimi nilibaki, kwa kuwa mama yangu alikuwa hoi, hawezi safari. Nilimwita Oighrig kutoka ufukweni mpaka koo likaniwasha, naye hakugeuza hata shingo.

Murchadh alifika tarehe tatu, matope mpaka viwikoni, anakohoa. Alikuwa amelala siku zote hizo ndani ya kuta zake zisizo na paa, mvua ikimnyeshea.

"Nimewalaza," akasema. "Paa la Bibi halipitishi hata tone." Kisha akaitazama bahari tupu, akaketi chini palepale.

"Oighrig alilia?" akaniuliza.

Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kumpiga kofi. Lakini nikasema, "Alilia sana. Alikuita mpaka sauti ikamkauka."

Aliishi jikoni kwangu, palepale pwani, miaka kumi na mmoja. Barua haikuja hata moja. Kila Novemba alipanda bondeni kuwalaza, na akirudi aliniomba nimweleze tena jinsi mkewe alivyolia. Nilimweleza, na kila mwaka nilimwongezea machozi.