Ushahidi wa Tumbo la Nne

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha matumbo. Kila asubuhi nilipita machinjioni Moroni na ndoo mbili, nikachukua matumbo na chango za mbuzi waliochinjwa alfajiri, nikayapeleka kwenye maabara ya mifugo. Humo alikuwamo daktari Mfaransa, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Kwa miaka minne alinifundisha jambo moja tu: kumtambua mnyoo kwa umbo lake.

Watu hudhani mnyoo ni mnyoo. Yeye alinikataza kuandika jina lolote kabla sijatazama ncha zote mbili. Kichwani natafuta mdomo: una midomo mitatu minene, kama yule mkubwa wa ndama, au ni tundu dogo lenye jino kali ndani yake? Kisha nahamia mkiani, na hapo namtaka dume, kwa sababu majike wa koo mbalimbali hufanana lakini madume hawafanani. Mkia wa dume umechanua kama kiganja, na katikati yake mna vijiti viwili vya rangi ya chai, ambavyo urefu wake na ncha zake ndizo zinazokata shauri. Wengine hawana haja ya hadubini. Mmoja wa utumbo mpana ni mwembamba mbele kama unywele na mnene nyuma, mfano wa mjeledi na mpini wake. Na jike la mnyoo wa tumbo la nne, la mwisho kati ya manne ya mbuzi, yule anayekunywa damu, utumbo wake ni mwekundu na mirija yake ya mayai ni myeupe, navyo vimezungukana mwili mzima kama nyuzi mbili zilizosokotwa.

Niliwachora wote. Madaftari manne yalijaa.

Mwaka wa uhuru Ufaransa iliwaita watu wake nyumbani, na daktari alifunga mizigo kwa siku mbili. Hadubini nzuri aliondoka nayo. Aliniachia ile yenye lenzi iliyopasuka, akanipa mkono, akasema sasa maabara ni yenu. Nilimjibu ahsante. Hadi leo nikilikumbuka neno lile nasaga meno.

Nilibaki peke yangu na chupa zangu, mpaka ikaja serikali ya vijana. Hao walisema wanataka kuanza upya, na baadhi ya waliyoyasema yalinipendeza: kwamba mkulima awe na heshima, kwamba watu waache kufilisika kwa harusi za fahari. Kisha wakafunga ofisi, wakatoa majalada nje, wakayachoma. Madaftari yangu yalikuwa katika kabati moja na majalada ya wakoloni. Nilimweleza kijana aliyesimamia moto kwamba hiyo ni minyoo tu, na mchoraji ni mimi. Akafungua ukurasa mmoja, akaona majina ya Kilatini, akautupa motoni. Mkia wa dume niliouchora siku tatu ulijikunja mbele ya macho yangu.

Nikavuka bahari, nikarudi kwetu Mutsamudu na kioo cha kukuzia mfukoni, nikashika jembe.

Huko juu Patsy kamati ya vijana ilikuwa imekusanya mbuzi wa kijiji kizima kuwa kundi moja, mali ya wote. Iliwatia katika uwanja mmoja wenye ua, bondeni, mahali penye majimaji. Nilipita hapo mwanzo wa mvua. Nikafunua kope la mbuzi mmoja: ndani jeupe kama karatasi, damu imekwisha. Wawili wengine walikuwa na uvimbe laini chini ya taya. Nilijua papo hapo. Mbuzi wengi, uwanja mmoja, majani yaliyolowa: kila mmoja anakula mavi ya mwenzake pamoja na viluwiluwi vya minyoo. Dawa ilikuwa kuwatawanya, warudi milimani kwa wenyewe. Lakini kusema hivyo kulikuwa kusema kwamba kamati imekosea, na mimi nilikuwa mtumishi wa zamani wa Wafaransa. Niliteremka mjini bila kusema neno.

Mbuzi walianza kufa. Wenyewe wakamwendea fundi. Kwetu ndivyo tunavyomwita mwalimu wa chuo cha Kurani. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikuwa mkali, mwenye majivuno, na fimbo yake naikumbuka, lakini jicho la kutofautisha herufi kwa nukta moja alinipa yeye, si Mfaransa. Aliwaandikia kombe, yaani aya kwa wino wa zafarani zilizooshwa kwa maji, wakawanywesha mbuzi. Mbuzi wakaendelea kufa, na kamati ikamkamata. Ikasema amewapa sumu ili kuhujumu mali ya wananchi.

Mkewe alinijia nyumbani Mutsamudu. Hakulia. Aliniambia, "Mwanangu, wewe uliyasoma mambo haya. Nenda ukawaambie."

Nilikwenda. Fundi alikuwa amekalishwa chini mbele ya shule, bila kofia. Nikaomba mbuzi aliyekufa asubuhi ile, nikampasua mbele ya watu, nikalifungua tumbo la nne. Lilikuwa linatambaa. Niliwaita mmoja mmoja watazame kwa kioo changu: nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotwa, mamia, vichwa vyao vimeng'ang'ania ngozi ya tumbo. Nikawatafutia dume, nikawaonyesha mkia uliochanua. Nilizungumza vizuri siku hiyo. Baada ya miezi ya jembe nilijisikia mtu tena, na watu walinisikiliza.

Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari miaka miwili kabla, alinisikiliza kuliko wote.

"Kwa hiyo kombe la huyu mzee haliui," alisema.

"Haliui. Si sumu."

"Na linaponya?"

Nilimtazama fundi. Alikuwa ananitazama. Kioo kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Haliponyi," nilisema. "Halifanyi kitu."

Mwenyekiti akawageukia watu, akawaambia mtaalamu mwenyewe amethibitisha: si muuaji, ni tapeli. Wakamnyoa ndevu palepale. Wakamvika shingoni kamba ya chupa zake za kombe, wakamteremsha kwa miguu mpaka Mutsamudu, wakampitisha Mirontsy, watu waone. Njiani waliomfahamu waligeuza nyuso. Mimi nilibaki uwanjani na mbuzi aliyepasuliwa. Habari ya uwanja sikuitaja hata wakati huo. Mbuzi waliosalia walikwisha kabla ya mvua kumalizika.

Serikali ile ilipoanguka, fundi alirudi barazani kwake na ndevu zikaota, na watu walewale waliogeuza nyuso wakaja kumbusu mkono. Nami nilikwenda. Nilisubiri wageni waondoke, nikaketi, nikamwomba radhi. Nilisema nilitaka kumwokoa, na kwamba nilisema kweli.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila hasira, "Ulipoulizwa mara ya kwanza ulisema kweli. Mara ya pili, nani alikulazimisha?"

Nilianza kumtaja mwenyekiti, akaniinulia mkono.

"Na ile kweli ya uwanja," akaendelea, "hiyo uliificha kwa nini? Mchunga mbuzi yeyote aliijua. Tulikuwa tunangoja mwenye elimu aiseme."

Nilisimama nikaaga. Aliitikia salamu yangu, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, na tangu siku hiyo hakuniambia neno jingine mpaka alipokufa.

Nilirudi Moroni kuomba kazi yangu. Katika chumba cha maabara chupa zilikuwa zimekauka, minyoo imekuwa vumbi la kahawia, na hapakuwa na mtu wa kunieleza hadubini ya lenzi iliyopasuka imekwenda wapi. Ofisa mpya aliniuliza nilikuwa nafanya nini zamani. Nikamwambia nilikuwa naosha matumbo. Akanipa kazi ya kuchanja kuku, nikaishika mpaka nilipostaafu. Hakuna aliyeniuliza tena kitu chochote kilichohitaji jibu.