Jina la Saba

Watu wa rika langu hapa Kolwezi wakimtaja mjomba wangu, Tharcisse Badibanga, husifu kwanza sauti yake, kisha hunitazama, maana wanajua mimi ni mtoto wa nani. Basi acha niseme mwenyewe, kabla hawajamaliza kuongeza chumvi.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, Mbombo. Baba yao aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na mjomba naye angeingia shimoni kama si kifua chake kibovu. Kampuni ya mgodi ikampeleka kwenye kiwanja cha gofu cha Wazungu. Kazi yake ilikuwa kusawazisha mchanga uliomwagiwa mafuta pale mpira unapotumbukizwa, kwa sababu nyasi zao hazikuvumilia kiangazi chetu. Alitazama wakicheza miaka miwili. Akaokota fimbo iliyotupwa, akaufunga mpini kwa kipande cha tairi la baiskeli, akawa anapiga alfajiri kabla wenyewe hawajaamka. Kufika mwaka 1950 alikuwa mwalimu wa gofu mwenye mshahara. Aliwafundisha wake wa wahandisi namna ya kusimama na kutulia, ingawa maji ya kunywa aliyapata kwenye bomba la wapishi, nyuma.

Mwaka 1953 akaja mchezaji wa kulipwa kutoka Rhodesia. Wakubwa walitaka burudani, wakampanga mjomba acheze naye. Mjomba alishinda kwa mapigo matatu. Mtu mwenye akili angeshindwa, na mama alimwambia hivyo hivyo, lakini ndugu yake alikuwa na kiburi cha watu wasiosema sana. Jarida la klabu liliandika kwamba mgeni alicheza peke yake na kuwafurahisha wote. Haukupita mwezi, mjomba akaambiwa masomo ya gofu yamesimama.

Kilichomwokoa ni kinywa chake. Kampuni ilikuwa imetundika vipaza sauti kwenye nguzo za kambi ya wafanyakazi, nayo ilitafuta mtu wa kusoma habari kwa Kiswahili kila jioni, saa kumi na moja. Jumapili alitangaza mpira wa miguu kutoka uwanja wa Manika. Mchezaji akijiandaa kupiga penalti, mjomba alishusha sauti mpaka ikazima, kama alivyowafundisha wale wanawake kutulia kabla ya kupiga, na kambi nzima iliacha kutwanga. Tulimpenda, sitadanganya. Nilikuwa nikipita sokoni najidai kama aliyetangaza ni mimi.

Lakini kazi ile ilikuwa na vifo pia, na kwetu kifo hakitupwi hewani. Wazee wanakuja nyumbani, wanakaa, wanaomba maji. Wanasema mume ni mgonjwa, hali si nzuri sana. Wakati huo shangazi wanaingia taratibu na kusimama nyuma ya mke, wamshike. Hapo tu ndipo neno linatoka. Mjomba alimwomba mkubwa wake Mzungu kwamba majina ya waliokufa mgodini yasisomwe mpaka Tata Tshibangu, mzee wetu sisi watu wa Kasai, na wazee wa makabila mengine wawe wamezunguka nyumba zote. Mzungu alikubali, na kwa miaka mitatu ikawa hivyo.

Mwezi wa pili wa 1957, baada ya wiki ya mvua, ukingo wa shimo uliporomoka mchana. Kambini wakaanza kusema kampuni inazika watu kwa siri. Mzungu akaogopa mgomo. Zikiwa zimebaki dakika kumi kabla ya matangazo alimletea mjomba karatasi yenye majina saba, yasomwe sasa hivi. Mjomba alibisha. Akajibiwa kwamba asiposoma yeye, atasoma Mzungu mwenyewe. Tata Tshibangu alikuwa hospitali kutambua maiti, na hapakuwa na mtu wa kutumwa. Jina la saba lilikuwa Mukendi, baba yangu.

Karatasi ilisema saba. Mjomba alisema sita.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesimama na mama chini ya nguzo pamoja na wanawake wote. Mama aliyahesabu majina kwa vidole. Jina la sita lilikuwa la Ngoy, jirani yetu. Elise, mke wake, alianguka palepale kwenye matope. Mama alimwinua, akampeleka kwake, akamwambia avumilie, akasema Mungu amemhurumia yeye Mbombo na atamhurumia Elise pia. Kisha akarudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani, akakamata kuku, akaniambia niwashe moto, baba atarudi na njaa. Nilimnyonyoa yule kuku nikicheka. Naona haya mpaka leo.

Mjomba alipotoka kazini alikimbilia hospitali kumchukua Tata Tshibangu, kisha wakawatafuta shangazi, maana mwanamume hawezi kuja peke yake na neno kama lile. Zilipita saa mbili nzima. Walipofika, mama aliwapa viti kwa furaha. Tata Tshibangu akaomba maji. Mama alikitazama kikombe, akamtazama mjomba, akaelewa.

Kambi nayo ilielewa. Mkuki kwa nguruwe, walisema wale wajane. Waume zetu kawatupa hewani, shemeji yake kamfunika. Hakuna aliyemtukana usoni. Walizima mazungumzo tu kila alipopita, na saa kumi na moja ilipofika waliingia ndani na kufunga milango. Mjomba alisoma wiki mbili nyingine, akaacha. Akaamua kwenda Mutshatsha kuchoma makaa.

Siku ya kuondoka alikuja kuaga. Alibaki mlangoni, kofia mkononi.

“Yaya,” alimwambia dada yake, “nilitaka usikie kwa kinywa ya batu, haiko kwa ile chuma ya nguzo.”

Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka wa matanga. Hakupandisha sauti.

“Ungelisoma, Badibanga. Mi ningelianguka pamoja na benzangu, na Elise angelinishika mukono. Wewe ulinipatia masaa mbili ya furaha juu ya maiti ya bwana yangu. Elise hanisalimu tena. Kifo, Mungu alileta. Ile masaa mbili, ni wewe.”

Mjomba akavaa kofia, akainua mzigo wake. Mama akageukia ukuta. Mimi nilikuwa na haki ya kumchukia, lakini nilimpenda, na nilitaka kumbebea mzigo wake hadi stesheni. Elise alikuwa uani kwake, anatazama. Sikutoka.