Simu Iliyotangulia Washenga

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninapoona mtu amesimama mbele ya duka la simu akigeuzageuza boksi mkononi. Jana ulinipigia ukaniuliza uchukue simu ipi, na kama ufunge mkataba wa mwaka mzima au uendelee na vocha. Nilikwambia nitafikiri. Kusema kweli sikuwa nafikiri juu ya simu yako. Nilikuwa nimerudi juu ya jiwe moja kubwa kule Kiseke, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, mkononi nimeshika simu nzito kama kipande cha sabuni ya mche.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na ugonjwa wa maswali. Wazee wakisema mvumilivu hula mbivu, nami nauliza, je, zile mbivu zinazoliwa na popo, popo naye alivumilia? Wakisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nauliza ni wakuu wangapi wanaochechemea. Watu walicheka, na mimi nikadhani kicheko chao ni ushindi wangu. Sijapona ugonjwa huo, mwanangu, na sikutakii upone wako. Nataka tu ujue ulinipeleka wapi.

Mji wa Mwanza wakati huo ulikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla. Vitu tulivyokuwa tunavisikia kwa wasafiri vilikuwa sasa vimepangwa madirishani. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisini katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, na nilikuwa na mchumba aitwaye Minza, mwalimu, binti wa Sengerema, ng'ambo ya maji. Barua ya posa ilikuwa imeshapelekwa. Jumamosi iliyokuwa inakuja, washenga wangu walikuwa waende kusikiliza jibu. Na jibu hilo, mwanangu, nilikuwa nalitaka kuliko kitu kingine chochote duniani.

Jumatano ya wiki hiyo nikaenda kununua simu.

Duka lilikuwa la Bwana Hasmukh, ambaye baba yake aliuza cherehani mahali palepale, na babu yake vitambaa. Fomu ya mkataba ilihitaji mdhamini mwenye anwani inayojulikana, kwa hiyo nilikwenda na Baba Mkubwa Masanja, mwalimu mstaafu aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Yeye ndiye aliyekuwa pia mkuu wa washenga wangu. Akaketi kwenye kiti karibu na mlango, kofia magotini, akatazama watu wanavyopita.

Nilimwuliza Bwana Hasmukh kila kitu. Betri inakaa saa ngapi? Kwa nini ninayepigiwa nami nikatwe pesa? Mkataba ukivunjwa na kampuni, mimi nalipwa na nani? Nani amethibitisha kwamba mawimbi haya hayachomi ubongo?

"Bwana mdogo," Hasmukh akasema, akipangusa miwani, "miaka thelathini mimi nauza. Redio, baiskeli, taa ya karabai. Mteja kama wewe nimepata mmoja tu."

"Alinunua?"

"Alikufa bado anauliza."

Baba Mkubwa akacheka hadi akakohoa. Mimi nikasoma mkataba wote, hata maandishi madogo ya nyuma, nikachagua simu yenye antena ya kuvuta na mkataba unaoruhusu kupiga simu za mezani za wilayani. Hilo la simu za mezani ndilo lililonifanya niuchague, kwa sababu nyumbani kwa kina Minza ilikuwepo. Baba yake, Mzee Lushinge, aliwahi kuwa karani mkuu wa kiwanda cha kuchambua pamba, na alipostaafu waliiacha simu ukumbini kwake. Baba Mkubwa akatia saini yake ya kiualimu, herufi zimelala zote upande mmoja, wala hakuuliza neno.

Jumamosi alfajiri washenga wakaondoka. Alikuwa Baba Mkubwa, shangazi yangu, na jirani mmoja mzee wa maneno matamu. Nilitakiwa kubaki nyumbani nitulie. Hiyo ndiyo desturi, muoaji hafuati posa yake.

Mchana ukaja bila habari. Watu waliotoka kivukoni Kigongo wakasema magugu maji yameziba gati, kivuko kimesimama katikati ya ghuba kama ng'ombe aliyezama matopeni, na abiria wanangoja upepo uyasukume magugu. Saa saba, kimya. Saa nane, kimya. Mwanangu, kungoja ni kazi, na mimi sikuwa nimefundishwa kazi hiyo chuoni.

Nyuma ya chumba nilichopanga palikuwa na mawe makubwa ya kwetu, yale yaliyobebana kana kwamba mtoto wa jitu aliyapanga akaitwa kula. Simu ilishika mawimbi juu ya jiwe la juu kabisa tu. Nikapanda. Ziwa lilikuwa limetulia mbali huko, halina mwisho wala mwanzo, na juu yake vilikuwa vimenyanyuka vile vidudu vidogo vya ziwani, wingu baada ya wingu, vikisimama kama moshi wa nyumba zisizokuwepo. Jiwe lilikuwa na joto la jua chini ya miguu yangu. Nilihisi kama nimelala na niko macho. Ng'ambo ile ya maji yupo mtu anayejua kama mimi ni mume wa mtu au si mume wa mtu, na katikati yetu hakuna kitu ila hewa. Nikajiuliza, basi kwa nini nisiulize?

Nikavuta antena nikapiga.

Simu ikaita mara nyingi. Halafu sauti ya kike, nyembamba, ikasema, "Halo?"

Nikaijua. Ilikuwa ya Kabula, mdogo wake Minza, msichana mcheshi tuliyezoea kutaniana. Nikasema, "Shemeji! Vipi huko, mnada umefunguliwa? Mwambie mzee asikaze sana kamba, dada yako si ndama wa maonyesho. Na mama yako kanuna au leo kacheka? Maana yule mama akinuna hata maziwa yanaganda."

Nikasikia mtu anapumua.

"Ninayesema hapa ni mama yake Minza," sauti ikajibu.

Huenda wewe uliyekulia mjini huoni jambo hapo zaidi ya aibu ndogo. Kwetu Usukumani mama mkwe unampisha njia. Ukimwona anakuja unaingia majanini hadi apite. Huli naye, humwiti kwa jina, na kama una neno naye unampa mtu mwingine alipeleke. Na mimi nilikuwa nimemwekea sauti yangu ndani ya sikio, karibu kuliko mumewe anavyomsemesha, na maneno yenyewe ndiyo hayo.

Hakukata simu. Afadhali angekata. Aliuweka mkono wa simu mezani, taratibu, kama mtu anayeweka chini chombo chenye kitu cha moto, akaondoka. Nami nikabaki nimesikiliza nyumba ya watu. Nilisikia kuku. Nilisikia ufagio uani, na saa ya ukutani ikihesabu polepole. Kisha, kutoka mbali, mlangoni, nikasikia sauti ninayoijua tangu utoto.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ndio walikuwa wanafika. Saa zote hizo walikuwa majini wakiyasukuma magugu kwa miti pamoja na abiria wengine, na sasa ndiyo wanafika. Nikamsikia Baba Mkubwa anasalimia kwa Kisukuma, salamu ile ndefu ya heshima inayouliza nyumba, watoto, ng'ombe na mvua. Aliyemjibu alikuwa Mzee Lushinge, naye hakuirefusha.

"Karibuni mkae," akasema. "Ila mwenzenu ameshatangulia."

"Mwenzetu yupi?"

"Huyo hapo mezani. Bado anasikiliza."

Mwanangu, nimewahi kufikwa na mambo makubwa baada ya siku hiyo. Nimezika, nimefukuzwa kazi, nimeugua. Lakini sijawahi tena kusikia kimya kama kile cha Baba Mkubwa wangu, mzee wa miaka sitini na kitu, suruali yake ya sikukuu, kama shangazi alivyonisimulia baadaye, ikiwa imelowa hadi magotini, akiitazama simu aliyoitilia saini. Nilishindwa kusema na nilishindwa kukata. Nikasimama juu ya jiwe lile mpaka betri ilipokwisha na dunia ikazimika sikioni mwangu.

Alirudi Jumapili jioni. Nilimpigia magoti, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaomba maji, akanywa glasi nzima bila haraka.

"Wiki moja nimekudhamini mara mbili," akasema. "Kwa Mhindi na kwa Lushinge. Kwa Mhindi ulisoma hata maandishi ya nyuma."

"Baba, nilidhani ni Kabula."

"Najua. Umeshawahi kujiuliza hodi ni ya nini?"

"Ya kuomba kuingia."

"Ni ya kumpa mwenye nyumba nafasi ya kuvaa shati. Mtu anasikia hodi, anafuta meza, anafunga kanga vizuri, anauvaa uso wake, ndipo anasema karibu. Kitu chako hicho kikilia, mtu anakimbia kama alivyo. Mimi sikikatai. Posta nayo babu yako aliikataa, na mimi nikapata kazi kwa barua. Lakini wewe uliyeuliza kama kinachoma ubongo, hukuuliza kinaingia nyumbani kwa nani, na kinamkuta katika hali gani."

Nikataka kubishana. Nikasema mila nyingine ni woga tu uliopewa umri. Akanitazama kwa huruma, mwanangu, si kwa hasira. Akasema, "Inawezekana. Basi ungekwenda ukaubishie mlangoni kwake ukiwa umesimama. Hukubishana na mila. Ulimkanyaga mama wa watu ukidhani hakuna mtu."

Kwa Lushinge mlango haukufungwa kabisa. Wazee wana njia zao za kushona nguo iliyochanika. Akapelekwa mbuzi wa kuomba radhi, mimi nikakaa nje uani nikitazama vidole vyangu, na Baba Mkubwa akanisemea ndani. Mama yake Minza akatuma jibu kwa shangazi kwamba amesamehe. Nikavuka maji kurudi Kigongo nikiwa karibu kuimba.

Aliyekataa ni Minza.

Tulikutana nje ya shule yake, mchana, chaki bado iko mikononi mwake. Nilimwambia mama amesamehe, yamekwisha. Akasema, "Mama amesamehe lake. Mimi langu ni jingine."

"Lipi?"

"Ungejua ni mama ungesema vizuri. Mtu yeyote angesema vizuri. Lakini ulidhani unaongea na Kabula, ukawa huru, na ukiwa huru mimi ni ndama, baba yangu ni dalali, na mama yangu ni wa kuchekwa. Nimefikiri sana, Makoye. Hiyo ndiyo sauti ambayo ningeishi nayo ndani ya nyumba."

Nilikuwa na majibu kumi ya kisomi. Nikayatafuta yote, na kila nililolishika lilikuwa jepesi kama ganda la karanga. Akaniambia nimsalimie Baba Mkubwa, akarudi darasani. Baadaye aliolewa Geita, nasikia ana wajukuu. Mama yako anaijua habari hii yote. Ndiye aliyenisukuma jana usiku akasema, mwambie mtoto, usimpe ushauri wa betri tu.

Kwa hiyo nisikilize, na usiniamini haraka, pima kwanza. Simu chukua yoyote utakayoimudu bila kujinyima chakula. Mkataba usiutie saini siku ileile uliyousifiwa, ulale nao nyumbani usiku mmoja, na umwombe mtu asiyependa simu akusomee. Uliza kama mawimbi yanafika kule wanakokaa watu unaowapenda, maana simu inayoshika mjini kote na haishiki kwa bibi yako ni pambo. Ukiomba mdhamini, kumbuka kwamba unabeba jina la mtu mzima mfukoni pamoja na hiyo simu, na popote utakapolidondosha halitaokotwa safi.

Na yapo maneno ambayo hayasafiri peke yake. Posa, msiba, radhi, kuachana. Hayo yatafutie miguu, iwe yako au ya mtu mwenye heshima yake, na kama kivuko kimekwama, acha yangoje kivuko. Hadi leo sijui kwa nini sauti ya mkwe iwe mwiko, na wewe ukipata jibu unieleze. Lakini hili sina shaka nalo, nililisikia kwa mwalimu mwenye chaki mikononi. Mtu hajulikani kwa anavyosema na wakubwa. Anajulikana kwa anavyosema anapodhani anayemsikiliza ni mdogo. Uhuru wako wa kusema ulee kama mtoto, uwe na adabu hata ukiwa peke yake.

Nenda kanunue, mwanangu. Mungu akupe vidole visivyo na pupa na masikio yenye subira. Akupe rafiki wa kukwambia ukweli ukiwa bado una nafasi ya kujirekebisha. Na kila utakapopiga, popote utakapopiga, atakayeipokea sauti yako aione siku yake imeongezeka mwanga kidogo. Amina.