Wasalimie Mapacha

Juzi, kwenye darasa la kompyuta hapa Tukuyu, mwalimu alitufundisha lupu: unaandika amri mara moja, mashine inairudia kwa kila jina kwenye orodha.

Mama mmoja, aliyekuwa taipisti wa kiwanda chetu cha chai, aliondoa vidole kwenye kibodi.

"Mwalimu, kiwanda kilipouzwa nilipiga taipu barua arobaini za kupunguza watu. Moja moja."

"Lupu ingezimaliza kwa dakika moja, mama."

"Ingezimaliza. Ila mimi kila barua niliongeza neno langu chini. Huyu asalimie mapacha, yule pole ya msiba. Bosi hakuniagiza."

Nikainama. Barua yangu bado ninayo, na chini imeandikwa: "Msalimie mama huko Kisondela." Na marehemu mama, akidhani salamu ni ya bosi, alimwombea bosi kila Jumapili, mpaka anakufa.