Kwa Zipora, jina huitwa mlangoni kabla ya kuandikwa

Saa mbili na robo asubuhi, benchi la kliniki ya watoto limeshajaa, na Zipora Chidawali ameshakasirika.

"Jina la mtoto?" anauliza.

"Liko Haneti," anajibu baba mmoja aliyempakata mtoto wa wiki tano.

Zipora anaweka kalamu mezani. "Liko Haneti. Mtoto yuko Nkuhungu, jina liko Haneti. Sasa litakuja na basi la saa ngapi?"

Baba huyo, Luka, hana haraka. Anaeleza taratibu kwamba kwao mtoto hupewa jina na shangazi yake, na shangazi mwenyewe yuko shambani Haneti, simu yake haipati mtandao mpaka apande kilimani. Amempigia tangu juzi.

"Nikitaja mimi, sista, nitakuwa nimemvunjia heshima dada yangu," anasema.

"Na heshima yangu mimi nani anaitunza? Kaa pale!"

Zipora, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni mhudumu wa afya katika zahanati moja ya Nkuhungu, jijini Dodoma. Kwa miaka tisa sasa, mbali na kupima uzito na kupanga kadi, ndiye anayejaza fomu za kuandikisha vizazi na kutoa vyeti hapo hapo. Kwa siku hupokea watoto ishirini hadi thelathini. Wanaokuja na jina ambalo familia nzima imelikubali, anasema, hawafiki nusu.

"Miezi tisa wamekaa na tumbo! Beseni wamenunua, shuka wamenunua, kofia za sufu tatu, kwa joto hili. Jina, hawana. Wengine wanaandika leo, wiki ijayo wanarudi, eti mama mkwe amenuna, tubadilishe. Mwezi huu wamerudi tisa. Jamani, hicho ni cheti, siyo ubao wa shule!"

Ndiyo maana akajiwekea utaratibu wake. Haandiki jina kabla ya kuliita. Anasimama mlangoni na kuita majina yote matatu kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio. Mama akiitika huku ameinua uso, jina linaandikwa. Akitazama sakafu, anarudishwa akafikirie upya.

Asubuhi hii mwanafunzi wa chuo, Cecilia, ameleta jina la binti yake, alilolitoa kwenye simu. Zipora anataka kujua maana yake.

"Msichana wa theluji," anasoma Cecilia.

"Theluji ya wapi, mwanangu? Ya hapo Miyuji?"

Benchi zima linacheka, Cecilia naye anacheka. Kisha anakiri kwamba bibi aliyemlea anaitwa Nyemo, yaani furaha kwa Kigogo, ila yeye aliona ni jina la kizamani. Zipora anakwenda mlangoni na kuliita. Cecilia anaitika kwa sauti, na jina linaandikwa.

"Umeona?" Zipora anamgeukia mwandishi wa makala haya. "Jina analo nyumbani, anahangaika na simu. Wananichosha hawa."

"Muulize la mjukuu wake," anasema nesi Gladness, akipita na chombo cha chanjo.

Zipora anamkata jicho, lakini limeshasemwa.

Mjukuu huyo ana siku themanini na saba. Ni binti wa kwanza wa Yotham, mwana wa Zipora anayeishi Miyuji, upande mwingine wa jiji, na mkewe Edina. Mtoto ana ngiri, amepangiwa upasuaji wiki ijayo, na bima ya baba yake haimpokei bila cheti cha kuzaliwa. Fomu yake imo kwenye droo ya bibi yake, imejazwa kila mahali isipokuwa penye jina.

Yotham na Edina walishaamua. Katika ukoo wao binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na wamelitaja tangu siku aliyozaliwa. Anayekataa ni mama wa baba mwenyewe.

Zipora ni jina la ubatizo, alilolipata akiwa na miaka kumi na minne na kuling'ang'ania. Alizaliwa Haneti mwaka ambao mvua ilikatika na watu wakala mizizi, na bibi yake akamwita Nzala. Maana yake ni njaa.

"Mwalimu akiita Nzala, darasa linaangua kicheko," anasema, na sauti inashuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mchana nikipita, watoto wanaficha ugali wao. Wanasema njaa imekuja. Nikaacha kabisa kula shuleni. Leo mwanangu ananiambia, mama, jina lako ni zuri. Zuri! Aliwahi kuitwa yeye?"

Luka, ambaye hajaondoka, anakohoa kidogo. "Kumbe na la kwako liko Haneti, sista."

Zipora anasukuma kiti nyuma.

"Haya," anasema. "Haya basi! Mnataka kusikia? Sikieni."

Anasimama na kwenda mlangoni.

"Nzala Yotham Chidawali!"

Hakuna anayecheka. Mwishoni mwa benchi mama mmoja, Ruthu, anainua uso huku mtoto wake akinyonya.

"La bibi yake hilo?"

"La bibi yake."

"Bibi yupo?"

Zipora anainua uso. "Yupo."

"Basi kapata," anasema Ruthu, na kumhamishia mtoto kwenye titi la pili.

Zipora anarudi mezani, anavuta droo kwa nguvu na kutoa fomu. Anaandika taratibu, kwa herufi kubwa. Anajifuta macho kwa mkono wa gauni, kisha anafoka kwamba foleni haisogei na Luka akalifuate hilo jina lake, arudi nalo Jumatatu.

Cheti kitapelekwa Miyuji jioni hii hii. Mipango mingine ya Zipora ni ya miaka sita ijayo.

"Akianza darasa la kwanza nitakuwa sijastaafu. Nitaomba ruhusa nimpeleke mwenyewe," anasema. "Mwalimu akiita majina, nitakuwa nimesimama mlangoni. Na mchana sitaondoka. Nataka nimwone huyo atakayeficha ugali wake."